Kaa Sio Samaki Jamani: Mjomba Anajibu Barua za Wafuga Kaa

Toleo lililopita nilitupia sentensi moja tu, kwamba kwangu nina kaa wanne wa mtoni wanaishi nyuma ya mlango wa jikoni, nikajua watu watacheka wapite zao, kumbe mpo wengi! Meseji zimemiminika mpaka mhariri kaniambia mwezi huu kuku na sungura wapumzike. Haya basi, leo kaa mwanzo mwisho. Salamu nimezipunguza kidogo ili wote mtoshe, msininunie.

Shikamoo Mjomba. Niko Morogoro, huku mlimani kuna vijito vingi, nilikamata kaa watatu nikawaweka kwenye ndoo ya lita 20, nikajaza maji ya bomba masafi kabisa na mawe mawili chini. Asubuhi mmoja kafa, kesho yake wote wamekwisha. Maji yalikuwa yanang'aa mpaka unaona chini, sasa nimekosea wapi? – Kijana wa Bigwa

Marahaba kijana, na pole. Uliwazamisha. Najua inachekesha kusikia kaa kazama, mimi mwenyewe nilivyoambiwa mara ya kwanza nilibisha mpaka nikaweka dau la soda, ila ndio hivyo. Barua zenu nyingi nilizosoma mwezi huu kosa ni hili hili, mnamfuga kaa kama samaki. Huyu wa vijito vyetu anapumua kwa mashavu kweli kama samaki, ila kazoea maji yanayokimbia juu ya mawe, maji yenye hewa, tena akichoka anapanda zake juu anakaa kwenye unyevu anapumua hewa ya kawaida. Sasa wewe umempa maji yaliyosimama, kina kirefu, watatu humo humo, ukuta wa plastiki unateleza, hewa ya kwenye maji ikiisha hana pa kupandia. Halafu maji ya bomba nayo yana klorini. Kung'aa kwa maji hakumsaidii kitu, yeye haangalii chini.

Fanya hivi. Tafuta beseni pana, lile kubwa la kufulia, au tanki la samaki la zamani ambalo mtu kalitupa kwa sababu linavuja juu huko, kaa mmoja wa saizi ya kiganja anataka kama sentimita 60 kwa 40, upana ndio muhimu kuliko urefu wa kwenda juu. Upande mmoja jaza mchanga wa mto uliochanganywa na udongo, ushindilie kidogo, uwe na kina cha kumzidi yeye mara mbili hivi ili akitaka kuchimba achimbe, uwe na unyevu wa kukamatika mkononi lakini usiwe tope. Upande wa pili teremsha kama ufukwe uweke maji, yamfike mgongoni tu akisimama, basi. Katikati panga mawe asiteleze. Na juu ya ile nchi kavu yake weka gae la chungu kilichovunjika, ulilaze kama paa, ndio chumba chake hicho, utamkuta humo mchana kutwa na macho mawili tu yanachungulia. Kaa asiye na pa kujificha anakuwa na wasiwasi muda wote, hali, anakimbia kimbia kwenye kona mpaka anachoka.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo isiyofunikwa siku nzima kabla hujamwekea. Maji ya kisima kisicho na chumvi ni mazuri, ya mvua pia ila sio yale ya kwanza yanayosafisha bati. Kama huna filta badilisha kila baada ya siku moja au mbili, mimi sina filta, nina kikombe cha plastiki na mgongo unaouma. Na beseni likae kivulini, hawa wa kwenu wametoka mlimani kwenye ubaridi, ukiwaweka dirishani jua la saa nane likawapiga unawachemsha.

Kitu cha mwisho, mfuniko. Waya wa dirisha, juu yake jiwe. Sio kitabu, sio sahani, JIWE. Wangu mmoja aliinua kipande cha mbao usiku, tukamtafuta siku mbili nyumba nzima, tukamkuta nyuma ya mtungi wa gesi kajaa vumbi kama andazi kwenye unga, nikamweka kwenye maji kidogo akajisafisha akaanza kula. Alikuwa na bahati, mashavu yakikauka kabisa ndio mwisho.

Anko, tunaye kaa mmoja tuliletewa kutoka Rau. Watoto wanampenda mno wanampa ugali, mkate na samaki wa kukaanga, ila beseni linanuka mpaka baba yao katishia kulitupa. Anatakiwa ale nini na mara ngapi? – Mama Junior, Moshi

Baba Junior asikilizwe, ila asitupe. Hiyo harufu sio ya kaa, ni ya ugali. Chakula kinachobaki kwenye maji kinaoza, na kuoza kwenyewe kunakula ile hewa ya kwenye maji, kwa hiyo mnamshibisha na kumnyonga kwa wakati mmoja. Samaki wa kukaanga ana mafuta na chumvi, mwacheni ale baba Junior.

Chakula kikuu cha kaa wa mtoni watu hawaamini nikiwaambia: majani makavu. Sio mboga mbichi, namaanisha yale ya kahawia yaliyodondoka chini. Mtoni ndiyo yanayomfikia kila siku, anayatafuna taratibu, juu yake anaongezea mnyoo, mdudu, konokono, samaki mfu akimpata. Kwa hiyo kusanyeni majani makavu ya mpera, mwembe au mkungu, yasuuzeni, wekeni kama kiganja kimoja upande wa nchi kavu na mengine machache kwenye maji, hayo hayahitaji kutolewa kila siku maana hayaozi haraka.

Ila hapo Moshi lazima niwaonye. Migomba yenu mingi imekaa pamoja na kahawa kihambani, na kahawa inapigwa dawa, mrututu na ndugu zake, ambao ni shaba. Shaba kwa kaa ni sumu hata kidogo sana. Jani la mgomba kavu ni chakula kizuri lakini kama limedondoka chini ya kahawa iliyopigwa dawa msilete ndani ya nyumba. Tafuteni mpera wa shuleni au kanisani huko.

Juu ya majani mpeni kitu cha nguvu mara mbili tatu kwa wiki. Dagaa wa Mwanza ndio rahisi, maana wengi wanaanikwa tu juani bila chumvi, lowesha, suuza ule mchanga mpaka maji yatoke safi, mpe mmoja. MMOJA. Dagaa wa pwani wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao achana nao. Mnyoo wa shambani, kipande cha karoti, tango, mchicha uliochovywa maji ya moto, vyote anakula. Mpeni jioni giza likiingia, ndio anaamka, na asubuhi kilichobaki mtoe.

Halafu maganda ya mayai msitupe, chemsha, kausha, ponda, mwagia kwenye udongo wake. Gamba lake lile kwa sehemu kubwa ni chokaa na chokaa hiyo lazima itoke mahali. Wa pwani wana bahati, wanaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome ufukweni, wanausuuza chumvi na kuulaza kwenye maji siku kadhaa, kaa anaukwangua mwenyewe anavyotaka.

Na watoto wakae waangalie akila, ni burudani kuliko tivii. Anamshika dagaa kwa gando dogo, anamgeuza, halafu ile midomo ya mbele inafunguka kama milango miwili na ndani kuna mingine na mingine, yote inatembea kama mtu anayekunja nguo kwa haraka. Wangu mkubwa huwa anaanza na macho.

Niaje Anko. Mimi niko Kakamega, kaa wangu alikuwa poa tu miezi kadhaa, ghafla akaacha kula, akajichimbia chini ya jiwe wiki nzima, nikasema huyu ameenda. Jana asubuhi nafungua nakuta WAWILI! Mmoja amekauka hasongi, mwingine amekaa kando laini laini hivi rangi imepauka. Amezaa ama? Na huyu aliyekufa nimtoe? – Shamim

Niaje Shamim, usimtoe! Hajafa mtu. Huyo mkavu ni nguo, mwenye nguo ni huyo laini aliyekaa kando. Kaa wako kajivua gamba, na sio ile kujivua gamba ya chama tawala huku Tanzania ya 2011, ya kuwaondoa mafisadi, ambayo tulisikia tu, huyu kajivua kweli.

Gamba la kaa halikui. Nyama inakua ndani, gamba limebana, kwa hiyo kila baada ya muda anatengeneza jipya laini chini ya lile la zamani, anaacha kula, anajificha, halafu la zamani linapasuka nyuma kule mgongo unapokutana na mkia, anatoka kinyumenyume, miguu yote, magando yote, mpaka vifuniko vya macho. Akishatoka anavuta maji mwilini anavimba ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi. Ukilishika lile la zamani utaona ni zima kabisa, jepesi kama karatasi, na ndio maana watu wanalizika.

Sasa sikiliza vizuri. Moja, usimguse kabisa siku hizi, ni laini kama ulimi, ukimbana kidogo anapinda na ataganda hivyo hivyo amepinda. Mbili, lile gamba liache humo ndani maana atalila, ndio chokaa yake ya akiba. Tatu, kama kuna kaa mwingine humo mtoe SASA HIVI kabla hujamaliza kusoma, mwenzake akimkuta laini anamla, hawana undugu hao. Chakula usimlazimishe, akikomaa magando atakuja mwenyewe ana njaa ya ajabu.

Na ukiona huko mbele ameacha kula tena na rangi imefifia, usianze kumchokoa na kijiti kuangalia kama yuko hai. Nimepoteza mmoja kwa kijiti hicho hicho, miaka hiyo sina akili.

Mjomba, sisi huku Muheza juu kwenye misitu kuna kaa nilimtoa kwenye mto unaokimbia sana, nikakuta kwenye miguu na magando kuna vijidudu vimeganda kama punje ndogo. Mzee mmoja kaniambia hao ndio wanaoleta usubi, ule ugonjwa wa upofu, nimwage kaa mbali. Ni kweli? – Mwl. S.

Mwalimu, mzee wako anajua kitu, ila kakiruka nusu.

Hao vijidudu inawezekana kabisa ni viluwiluwi vya inzi weusi wadogo, wale wanaouma kando ya mito. Baadhi ya aina za inzi hao, wakiwa wachanga, hawakai kwenye mawe wala majani, wanapanda kwenye kaa wanajishikiza, maji yanapita wanachuja chakula. Hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Kule Kenya walijua inzi yupo, anauma watu, anaeneza usubi, lakini watoto wake hawaonekani, wakapekua mawe, wakapekua majani ya mtoni, hola. Mpaka 1950 ndio wakagundua kumbe wamempanda kaa. Nikifikiria wale watu walivyopita na kaa miguuni kwao miaka yote hiyo nacheka peke yangu.

Lakini kaa hakupi usubi. Usubi unatoka kwa inzi mzima aliyemuuma mtu mwenye ugonjwa akaja kukuuma wewe, na hivyo viluwiluwi haviumi. Tena vinataka maji yanayokimbia, kwenye beseni lako lililotulia havitadumu. Mchukue kaa, mshike kwa nyuma, msugue taratibu na mswaki laini wa zamani kwenye maji safi, maji hayo ya kusugulia mwaga juani kwenye udongo mkavu, sio mtoni. Nawa kwa sabuni, ila sabuni ni ya mikono yako, sio ya kaa. Na kumla kaa wa mtoni mbichi au nusu mbichi usijaribu, sehemu nyingine za Afrika, hasa magharibi, wanabeba mdudu wa mapafu.

Ukiwa huko juu Amani usikamate chochote ndani ya hifadhi, hiyo ni hifadhi rasmi ya mazingira asilia tangu 1997 na kaa nao wamo kwenye hesabu. Ila ukipita msituni chungulia kwenye matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Kuna kaa anaishi humo, kwenye MTI, sio mtoni, aliandikwa rasmi na wanasayansi 2004 wakamwita Potamonautes raybouldi, yupo Usambara na ng'ambo ya mpaka kwenye Shimba Hills. Tundu moja la maji, giza, majani yaliyooza, ndio nyumba yake. Mtazame umwache hapo hapo, ukimtoa humtengenezei mti mwingine.

Habari. Nipo Kigoma, nilivua kaa wa ziwani nikafuata ushauri wa rafiki nikampa nchi kavu na maji ya mvua, hatoki kabisa kwenye maji na sasa analegea. Mbona yeye hataki nchi kavu? – Fundi Boti

Fundi, kila nilichosema juu kwako kigeuze. Tanganyika ina kaa wake, ukoo mzima unaitwa Platythelphusa haupatikani ziwa jingine lolote duniani, na hao ni wa majini moja kwa moja, wanakaa kwenye mawe chini huko. Huyo hahitaji ufukwe, anahitaji mawe yaliyopangwa yenye mapengo, na pampu ndogo ya hewa kama unaweza kupata.

Linalomlegeza ni maji ya mvua. Maji ya ziwa lenu ni mazito, yana madini, pH yake inacheza karibu na 9, ya mvua hayana kitu. Wewe uko Kigoma bwana, ziwa liko mlangoni, chota dumu la maji ya ziwa mbali na bandari na mafuta ya maboti, badilisha robo leo, robo kesho kutwa, usimgeuzie yote kwa mkupuo. Na kama ni yule mwenye magando makubwa yasiyolingana na mwili, mpe konokono wa ziwani mzima mzima na gamba lake, kazi ya hayo magando ni kuvunja konokono, na konokono wenu kwa kumwogopa yeye wamekuwa na magamba manene kama wa baharini. Ukisikia ko! usiku, ni yeye anakula.

Mjomba salaam kutoka Hamburg. Hapa dukani wanauza kaa wadogo wa zambarau wenye macho ya njano, wanawaita kaa vampaya, nimenunua watatu kwa ajili ya binti yangu. Muuzaji kasema tanki lijae maji nusu. Sawa? – Baba Leila

Nusu ni nyingi. Hao wametoka Java, Indonesia, wanaishi kando ya vijito kwenye msitu, muda mwingi wako juu sio ndani. Wape nchi kavu sehemu tatu kwa nne au zaidi, udongo wenye unyevu, majani makavu, magome, mimea kidogo, na kidimbwi cha kina cha sentimita chache tu. Funika juu hewa ibaki na unyevu, nyunyizia maji kila siku, na hiyo hita ya nyumbani wakati wa baridi inakausha hewa mno kwa hiyo usiwaweke karibu nayo. Joto la 24 mpaka 27 linawatosha. Watatu sawa ila angalia usiwe na madume wawili, mgeuze uone chini: mkia uliokunjwa tumboni ukiwa mwembamba kama ulimi wa kiatu ni dume, ukiwa mpana kama sahani ni jike. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa kaa wote mnaonitumia picha zao, msiniulize tena.

Kinachonifurahisha kuhusu hao ni kwamba waliuzwa madukani Ulaya miaka na miaka wakati sayansi haina hata jina lao, mpaka 2015 ndio wakaandikwa. Wakipandana usitafute maji ya chumvi, jike anabeba mayai makubwa machache chini ya mkia, wanatoka vikaa vimekamilika, saizi ya kichwa cha kiberiti. Hata hawa wa mito yetu ya Afrika ni hivyo hivyo.

Anko kaa wangu jana alikuwa mzima, leo kalala chali anatetemeka miguu. Sijabadilisha chakula wala maji. – Tausi, Mbagala

Ulipuliza dawa ya mbu? Nauliza kwa sababu mimi nilipuliza. Chumba cha pili, mlango umefungwa, nikajua salama, asubuhi nikawakuta wawili hivyo hivyo unavyosema. Dawa nyingi za mbu zimetengenezwa kuua wadudu na kaa kwa mdudu ni ndugu wa karibu, tone kidogo juu ya maji linatosha. Mtoe, msuuze kwa maji safi yaliyolazwa, mwekee beseni jipya na udongo mpya, kivulini, mwache. Wangu mmoja alirudi, mmoja hakurudi. Siku hizi kwangu ni chandarua tu, na hicho chenye dawa nacho kipya hakining'inii karibu yao wala maji ya kukifulia hayamwagwi huko.

Sasa za haraka haraka.

Kaa wangu kakatika gando, nimpeleke kwa daktari wa mifugo? (Juma, Singida) Hapana, daktari atakushangaa. Mara nyingi analikata mwenyewe akibanwa ili akimbie. Mpe chokaa ile ya maganda ya mayai, mtenge na wenzake, litaota, kwanza kama kichipukizi, halafu kila akijivua gamba linakua.

Ninao wawili wanapigana kila siku. (Neema, Mbeya) Tenganisha, hawatazoeana. Hata mimi wangu wanne wako kwenye mabeseni manne, ndio maana mke wangu anafulia kwenye ndoo.

Huku Kilifi kuna wale kaa wakubwa wanaochimba mashimo nyuma ya mikoko, naweza kumfuga ndani? (Karisa) Unaweza lakini utajuta. Yule anachimba mpaka akute maji chini, kwenye tanki atahangaika kuchimba kioo. Anakula majani kwa wingi, anataka kidimbwi cha maji baridi na kingine cha chumvi, na hawezi kukuzalia ndani maana vichanga vyake lazima viende baharini. Mwache nyuma ya nyumba, si tayari unaye.

Nimeona mtu anauza kaa mnazi mdogo, ninunue? (Unguja) Usinunue. Huyo anafika kilo 4, anapasua nazi, anakua polepole miaka na miaka, na amebaki sehemu chache, hapo kwenu kisiwa cha Chumbe ndio wanamlinda. Na yeye ndiye mfano mzuri kuliko wote kwamba kaa sio samaki, akishakuwa mkubwa ukimtumbukiza baharini ukamwacha anakufa maji, bahari ile ile aliyozaliwa.

Mwanangu kabanwa kidole na kaa hamwachii, tufanye nini? (meseji ya saa mbili usiku, haina jina) Natumaini sasa hivi kaachia, gazeti linachelewa. Siku nyingine usivute, ukivuta anakaza. Wahenga walisema kaa akiinua gando mambo yamekatika, hana mazungumzo. Tumbukiza mkono na kaa pamoja kwenye beseni la maji, mtulie, akihisi miguu imegusa chini anaachia mwenyewe anakimbilia kwenye gae lake. Osha kidonda kwa sabuni. Na kumshika ni kwa nyuma, kidole kimoja kila upande wa gamba, pale magando hayafiki.